Kabla ya Siku ya Kwanza: Mhadhara kwa Waliokubaliwa Kusomea Udaktari

Asanteni, kaeni. Wazazi wenzangu, nawasalimu. Walimu, nawashukuru kwa kunialika. Na ninyi vijana mliopata barua za kukubaliwa, hongereni kwa moyo wangu wote. Najua usiku mliokesha kuipata hiyo barua, na najua nyumba nzima ilivyoshangilia ilipofika.

Nilipokuwa naingia, baadhi yenu mlinisimamisha mlangoni mkaniuliza swali ambalo huulizwa kila mwaka: "Mwalimu, nianze na kitabu gani?" Nalijibu mbele ya wote. Usianze na kitabu chochote cha udaktari. Anatomia, fiziolojia na biokemia utafundishwa kwa mpangilio, kuna maabara, kuna watu wa kuwauliza. Utakachokihangaikia peke yako mwezi mzima sasa hivi, darasani kitapitiwa kwa siku chache, na pengine utagundua ulikuwa umekielewa kombo. Lakini yapo mambo ambayo muhula ukishaanza hutapata tena nafasi ya kuyafanya. Hayo ndiyo yaliyonileta hapa leo.

Naanza na chanjo, kwa sababu haisubiri. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa mtu mzima kwa kawaida ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu miezi 6 tangu ile ya kwanza. Halafu mwezi 1 au 2 baada ya dozi ya mwisho hupimwa damu, kuona kama mwili umejenga kinga ya kutosha, maana wapo wachache ambao hawaijengi. Hesabuni wenyewe: hiyo ni miezi 7 au 8. Anayesubiri mpaka apelekwe wodini ndipo aulize habari ya chanjo, amechelewa. Kirusi cha ugonjwa huu kinaweza kukaa nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka juu ya meza, kwa muda wa siku 7 na bado kikaambukiza. Kwa hiyo tafuteni kadi zenu za utotoni. Kama kadi imepotea, nendeni kituo cha afya mkaeleze, wataalamu watawaambia ni zipi za kurudia na zipi zitathibitishwa kwa kipimo. Chuo chako kitakuwa na orodha yake, na surua, tetekuwanga na kifua kikuu mara nyingi huwamo. Isome orodha hiyo neno kwa neno.

Nataka mjue kwa nini nalisisitiza hili. Mwaka 1847, mjini Vienna, profesa Jakob Kolletschka alikuwa akipasua maiti pamoja na wanafunzi wake, kisu cha mwanafunzi mmoja kikamkata. Akaugua, akafa. Rafiki yake, daktari Ignaz Semmelweis, alipopata taarifa ya uchunguzi wa mwili wake, aliona mambo yaleyale aliyokuwa akiyaona kwa akina mama waliokuwa wakifa kwa homa ya uzazi wodini kwake. Ndipo alipotambua kwamba madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha, wakibeba kifo mikononi. Akaagiza kila mmoja anawe kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mama, na vifo vikapungua sana mwaka huohuo. Watu wengi humkumbuka Semmelweis katika kisa hiki. Mimi namfikiria zaidi yule mwanafunzi. Hakukusudia baya lolote. Alikuwa anajifunza, kama mtakavyokuwa mnajifunza ninyi, na mkono wake ukateleza. Katika kazi hii mtu huanza kuwa na uwezo wa kudhuru mapema sana, kabla hata hajajua lolote la maana, na maandalizi ya kweli huanzia kwenye kuukubali ukweli huo.

Sasa tuje kwenye kusoma. Nimewakataza kuanza kusoma udaktari, lakini namna ya kusoma mnaweza kuianza hata leo jioni.

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206. Ya kifundo cha mkono peke yake ni 8, midogo midogo, imepangwa safu mbili za minne minne. Mwanafunzi mmoja anausoma ukurasa wa mifupa hiyo mara tano, anapitisha kalamu ya rangi kila mstari, anafunga kitabu ameridhika. Mwenzake anausoma mara moja, anakigeuza kitabu kifudifudi, anachukua karatasi tupu na kuuchora mkono wake mwenyewe. Anaanza kuandika majina. La kwanza linakuja, la pili, la tatu, la nne. Kwenye la tano kalamu inasimama. Anakaa pale, anajisikia vibaya, anajilazimisha kukumbuka, pengine anapata moja zaidi. Ndipo anafunua kitabu na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Kesho yake, kabla ya kugusa somo jipya, anachora tena. Halafu anauacha mkono siku 3, anachora tena. Halafu wiki.

Yule wa kwanza atatoka chumbani akijiona anajua zaidi, na hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo kikuu. Wengine walirudia kulisoma andiko, wengine walilisoma kisha wakajaribu kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya siku 2, na wengine baada ya wiki 1, waliojitahidi kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Dakika 5 zile ndizo zinazowadanganya wanafunzi wengi wenye akili nzuri, waliokuwa wa kwanza shuleni kwao, wakafika chuo cha udaktari na kuanza kuanguka mitihani bila kuelewa kumetokea nini. Walizoea kusoma usiku wa kuamkia mtihani, na njia hiyo iliwafaa kwa sababu mzigo ulikuwa mdogo. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha matokeo yake mwaka 1885 tumejua kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, saa na siku za mwanzo. Bandu bandu huisha gogo: kidogo kila siku, huku ukijihoji kitabu kikiwa kimefungwa.

Huhitaji mifupa kuanza zoezi hili. Chukua sura moja ya kitabu chochote unachokipenda, cha historia au cha kilimo, isome, ifunge, andika. Fanya hivyo kila siku hadi chuo kifunguliwe. Ukifika na mazoea hayo, umefika na kitu ambacho wengi hukipata mwaka wa pili baada ya machozi.

Kuna chumba ambacho wengi wenu mnakiwaza na hamkitaji. Vyuo vingi hufundishia anatomia kwa miili ya marehemu, na katika nchi nyingi miili hiyo ni ya watu walioamua wakiwa hai kwamba wakifa waendelee kufundisha. Harufu ya formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, hukamata macho kabla ya pua. Na mara nyingi kinachomshtua mwanafunzi si kifua wala tumbo. Ni mkono. Shuka linafunuliwa, anaona kucha zilizokatwa vizuri, alama ya pete kidoleni, na papo hapo anatambua kwamba huyu alikuwa mtu wa watu. Ukipata kizunguzungu, mwambie aliye karibu nawe, toka nje, kaa chini, rudi ukiwa tayari. Si udhaifu, wala haisemi lolote kuhusu daktari utakayekuwa. Kula kabla ya kuingia. Na kama umefiwa karibuni, mtafute mwalimu mapema umweleze, kabla ya siku ile. Mwalimu mwema atakupanga vizuri na hatalitangaza jambo lako.

Simu yako ibaki nje, au ibaki begini. Azimio la Geneva, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililipitisha mwaka 1948 na ambalo madaktari wa nchi nyingi huapa kwalo, linamtaka daktari atunze siri za mgonjwa hata baada ya mgonjwa kufa. Jizoeze kuanzia sasa. Yule aliyekueleza ugonjwa wake kwa kuwa amesikia unakwenda kusomea udaktari, habari zake zisifike mezani wakati wa chakula.

Maana mtaulizwa. Tangu siku ya barua mmeanza kuitwa daktari nyumbani na jirani, na watu wazima wenye heshima zao wanawaletea vidonge muwaambie ni vya nini. Mnapendwa, na mnaona aibu kusema hamjui. Nawaomba sana mlizoee neno hilo: "Bado sijui, mzee wangu, twende kwa anayejua." Kuuliza si ujinga, na kukiri hujui kitandani kwa mgonjwa ni sehemu ya tiba. Nimeona wanafunzi wakikisia jibu mbele ya mgonjwa ili wasiaibike, na nimeona ugumu wa kuwatoa kwenye tabia hiyo ikishaota mizizi.

Kama lipo jambo moja la kitabibu la kujifunza kabla ya kwenda, ni kusaidia mtu ambaye moyo wake umesimama. Tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza yenye mwalimu na mdoli wa kufanyia mazoezi. Utafundishwa kuita msaada, kuweka mikono katikati ya kifua, kukandamiza sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kuacha kifua kiinuke kabisa kabla ya kukandamiza tena. Ukifanya kwa dakika 2 utashangaa jinsi mikono inavyochoka, na hilo huwezi kulijua kwa kusoma.

Vifaa nitavipita haraka. Usinunue vitabu kabla ya kuwaona waliokutangulia, watakuambia vipi vipo maktaba na vipi havifunguliwi kabisa. Stetoskopu ya gharama haina haraka. René Laennec alipoanza kusikiliza kifua kwa njia hiyo mjini Paris, mwaka 1816, alitumia karatasi aliyoiviringa. Kaa na wazazi muandike matumizi ya mwaka mzima, pamoja na nauli, koti jeupe na chakula cha siku za mitihani, badala ya ada peke yake. Shida ya fedha inayofahamika mapema huwa na watu wa kuisaidia. Inayofichwa mpaka mwezi wa mtihani humkuta mtoto peke yake.

Wazazi wenzangu, nimalizie na ninyi. Masomo haya ni miaka mitano au sita, kwingine minne baada ya shahada ya kwanza, na baada yake kuna mafunzo kazini. Mtoto wenu atakosa harusi, atakosa misiba mingine, atapokea simu akiwa na usingizi. Msimhesabie hayo. Kubalianeni kabla hajaondoka ni mambo gani lazima aitwe arudi na yapi mtamwambia baadaye. Na akisema amechoka, msimwambie wenzake wanaweza. Azimio la Geneva lilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, liliongezwa fungu linalomtaka daktari aangalie afya yake mwenyewe ili aweze kuwahudumia wengine. Iliwachukua madaktari karibu miaka 70 kuliandika. Mtoto anayeacha kula, anayeacha kulala, au anayesema maneno ya kukata tamaa, mpandieni gari mwende kumwona, na mumsaidie apate mshauri wa chuo au daktari wiki hiyohiyo.

Sasa niko tayari kwa maswali. Tuanze na wazazi, maana hawa vijana nitakaa nao mpaka jioni.