Nguva na Maji ya Ipogolo

Kamwene, ndugu zangu! Nimeombwa nizungumzie wanyama wa baharini walio hatarini kutoweka, na nizungumze hapa Iringa, ambako kuiona bahari ni safari ya kutwa nzima kwenye basi. Wanaoguna nawasikia. Nivumilieni, nitawarudisha darajani Ipogolo.

Nianze na nguva. Wengi wetu tumekua tukisimuliwa kwamba ni mwanamke mwenye mkia wa samaki. Nguva halisi hana nywele za kusuka. Ni mnyama mnene wa kijivu, anapumua kwa mapafu, ananyonyesha, na kazi yake ni kula majani yanayoota chini ya bahari. Mkubwa humaliza hadi kilo 40 kwa siku. Ni ng'ombe huyo, ila hana mchungaji.

Wafugaji mliomo humu, nipigieni hesabu. Una mtamba asiyezaa kabla ya miaka 6, na wengine hufika 17. Mimba yake inapita mwaka. Anazaa ndama mmoja, kisha anakaa miaka 3 hadi 7 ndipo azae tena. Zizi la namna hiyo, kila mwaka upoteze majike mawili matatu... Naam, mama pale amejibu: limekwisha! Na hapa Tanzania waliobaki wamejibana hasa kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka.

Anayewamaliza hana chuki nao. Ni mvuvi na jarife lake. Wavu ule wa matundu makubwa hutegwa jioni kwa ajili ya papa na samaki aina ya taa, ukalala majini mpaka alfajiri. Nguva akinasa, hawezi kupanda kuvuta pumzi. Mnyama wa baharini anakufa maji! Asubuhi mvuvi anakuta mzoga, na nyama yake inaliwa. Kasa naye hufa hivyo hivyo, tena ana masaibu ya ziada: mayai yake huchimbuliwa ufukweni, kasa aina ya ng'amba amesakwa miaka mingi kwa ajili ya gamba la kutengenezea vitana na bangili, na mchanga ukizidi joto vifaranga hutoka karibu wote majike. Baruti naipita tu. Anayelipua matumbawe amelipua nyumba na jiko la samaki kwa mpigo mmoja, hilo halihitaji mhadhara.

Sasa Ipogolo. Mto Ruaha Mdogo unaopita pale unaingia Ruaha Mkuu, Ruaha Mkuu unaingia Rufiji, na Rufiji inamwaga maji yake mkabala na Mafia. Baadhi ya mito ya Njombe nayo inashukia Kilombero, nao unaingia huko huko Rufiji. Mtaniambia tope letu linaishia Mtera. Kweli, jingi linatua pale, bwawa linatufichia aibu. Lakini maji hayafichiki. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kwa sababu kubwa ya maji yanayochepushwa kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu. Kule delta mikoko inaishi kwa maji ya chumvi yaliyochanganyika na maji baridi, na humo ndimo wanamolelewa kamba na samaki wachanga. Malezi yakiharibika, samaki wanaadimika. Samaki wakiadimika, mvuvi hakai nyumbani. Anaongeza jarife la pili, la tatu. Hapo ndipo sisi wa nyanda za juu tunapokutana na nguva, bila kumwona.

Naona mzee ameinua mkono. Anauliza: tuache mpunga, tule majani kama huyo nguva? Hapana, mzee wangu, shikamoo. Mpunga ulimwe, na mimi wali wa Mbarali naupenda. Ninachosema ni mifereji. Mavuno yameshaingia ghalani, lakini maji bado yanatiririka kwenye majaruba matupu, mwezi wa tisa, wakati huko chini viboko wanagombania dimbwi. Ukishavuna, funga lango la mfereji. Huhitaji mfadhili wala semina, ni ubao na mtu mmoja wa kuushusha.