Pizza ya Napoli kwa jiko la mkaa la nyumbani

Asalaam aleikum, wapenzi wangu wa Unguja, Pemba, Bara na popote mlipo. Karibuni tena jikoni kwangu hapa Napoli, Italia. Leo nina deni la kulipa. Juzi mdogo wangu kaniambia kwenye simu: "Dada, wewe huko unakula pizza utakavyo, huku kwetu pizza ni ya mtoko, mpaka mshahara utoke." Neno lile lilinikaa moyoni, kwa sababu hapa ilipozaliwa, pizza ilikuwa chakula cha mtu asiye na kitu.

Ngojeni niwageuzie kamera dirishani. Mnauona uchochoro ule? Nguo zimeanikwa dirisha hadi dirisha, pikipiki ikipita unajibanza ukutani, Mji Mkongwe mtupu! Karne ya 18 humu waliishi wachukuzi, wavuvi na vibarua, familia nzima chumba kimoja, wengine hata pa kupikia hawana. Mchuuzi akipita na mikate bapa, mtu ananunua kipande, anakula amesimama, anarudi kazini. Nyanya ilitoka Amerika, na Wazungu wengi waliiogopa miaka na miaka wakidhani ina sumu. Maskini wa mji huu wakaiweka juu ya mkate wao.

Jina lenyewe ni la kale zaidi. Kuna hati ya Kilatini ya mwaka 997, ya mji wa Gaeta, pwani hii hii, ambamo mtu anaahidi kumpelekea askofu pizza 12 siku ya Krismasi na 12 nyingine siku ya Pasaka. Nyanya hapo bado haijaonekana Ulaya.

Ile hadithi ya Malkia Margherita mnaijua: mwaka 1889, mpishi Raffaele Esposito akampikia pizza ya nyanya, jibini la mozzarella na mrehani, rangi tatu za bendera ya Italia. Watu wa hapa wanaipenda, ila wanahistoria wanaitilia shaka, maana pizza ya namna hiyo ilikuwa ikiliwa hata kabla yake. Mimi kinachonigusa zaidi ni pizza ya kukopa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wanawake walikaanga pizza mlangoni kwao, na asiye na hela alikula leo, akalipa siku ya nane. Wenyewe waliita *oggi a otto*. Sisi tuliolelewa na daftari la dukani tunaelewa bila kufafanuliwa.

Na mpaka leo, ile pizza ndogo ya barabarani inakunjwa mara mbili ikawa tabaka nne, unaenda ukila njiani. Wanaiita *portafoglio*, pochi. Nilipoiona mara ya kwanza nikakumbuka Forodhani kwetu Unguja usiku, yule kaka anavyotandaza unga mwembamba, anatia nyama ya kusaga na yai, anakunja pande nne. Lakini ile "Zanzibar pizza" yetu, jina tu ni la huku. Kwa umbo na mapishi naiona ndugu wa mutabbaq, ule mkate wa kukunja wa Uarabuni, na ni tamu kwa haki yake.

Haya, tuingie kwenye unga. Nusu kilo ya unga wa ngano, maji mililita 325, chumvi vijiko viwili vya chai, hamira robo kijiko cha chai. Basi. Sukari hapana, maziwa hapana. Kanda dakika 10, funika, ukiumuka gawa madonge manne, uyafunike tena. Kwa joto la kwetu, saa tano au sita zote pamoja zinatosha. Hebu tazameni donge hili kwa karibu: nikilibonyeza, linarudi polepole, na hapa pembeni pana lengelenge la hewa. Hewa hiyo ndiyo ukingo wako. Kwa hiyo msisukume kwa kijiti cha chapati, mtaifukuza yote. Tumia ncha za vidole, toka katikati kwenda nje, na ukingo usiuguse.

Nyanya haipikwi kwanza. Mimi mwanzo niliikaanga kama mchuzi, ikawa nzito na tamu ile ya kukaa sana motoni, ladha ya nyanya imepotea. Chagua zile ndefu zenye nyama, menya, ponda kwa mkono, chuja maji, tia chumvi.

Jibini ghali? Liache. Marinara, mojawapo ya pizza za zamani kabisa za hapa, haina jibini wala samaki: nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni. Oregano ikikosekana, ruka. Ukipata jibini siku nyingine, tupia na majani ya mrehani, huo huo wa kwenye kikuba cha maua.

Sasa moto. Tanuri la hapa ni la kuni, linafika nyuzi 430 na zaidi, pizza inaiva kwa sekunde 60 hadi 90: sakafu inachoma chini, kuba linarudisha joto juu. Moto chini, moto juu! Bibi zetu si ndivyo wanavyopika mkate wa kumimina? Weka sufuria nene tupu kwenye mkaa dakika 10. Tandaza pizza ndani, funika kwa bati, palia makaa juu, mengi kuliko ya chini. Baada ya dakika tano funua uchungulie, ukingo ukiwa haujapata rangi rudisha kidogo.

Mdogo wangu, ukipika, picha ya juu usinitumie, juu kila mtu anapamba. Inyanyue kwa kisu, nipigie picha ya chini, nione madoa ya kahawia.