Mwalimu, simu yako ya usiku, na pointi za mwanafunzi

Jambo wote. Wakubwa zangu maprofesa, ndugu walimu wa sekondari, na nyinyi maasistanti mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, asante kufika na hii mvua ya Bukavu.

Mwenye kushika pointi za mtihani asimtongoze mwenye kungojea pointi. Basi. Sisemi hampendani, pengine mnapendana kweli, lakini binti anangoja sesyo ya pili, ule mtihani wa kurudia, TFC yake, ile kazi ya kumaliza masomo, imelala kwenye meza yako tangu mwezi wa tano, mama yake anauza samaki kwenye soko ya Kadutu ndio alipe minervali, feza ya masomo, sasa wewe unamuuliza kama anakupenda, unataka ajibu nini? Ile ndiyo yake utaiamini aje?

Na haianzagi hotelini, hapana. Inaanza na simu. Saa nne ya usiku prof anaandika WhatsApp, "umelala?" Mtoto anaona jina anashtuka, anafikiri ni habari ya TFC, anajibu "hapana prof". Kesho ni "picha yako nzuri sana". Kesho kutwa ni "lete ile sura ya pili, lakini kampusi kuna makelele, tukutane mtaani Nguba". Ukikamatwa na moja utasema nilikuwa natania tu. Wanafunzi wako na utani wao wa pointi zinazoambukizwa kitandani, sisi wote tunacheka, lakini kicheko hicho kinaniuma.

Mtasema binti ako mkubwa, ako na miaka 22. Sawa. Sheria ya Kongo yetu namba 06/018 ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006, kipengele 174d, inasema anayemng'ang'ania mtu kwa maneno ao vitisho, akitumia mamlaka ya kazi yake ili apate ngono, anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 12. Mamlaka ya kazi, mmesikia? Walimu wa sekondari kwenu hata mjadala hakuna, chini ya miaka 18 ni mtoto. Shida ni kwamba kesi ya 174d inangoja mwenyewe ashtaki, na nani atamshtaki prof ambaye bado hajaweka pointi?

Kwa sababu hiyo mimi naomba vitu vya kawaida tu. TFC isahihishwe ofisini, mchana, mlango wazi. Ujumbe upitie kwa shefu wa promosyo, mwanafunzi kiongozi wa darasa, ao grupu ya darasa. Karatasi za mtihani ziwe na namba, jina lifichwe. Na ile liste ya nani amenunua silabusi, kitabu cha somo cha prof, na nani hajanunua, ndio pointi zifuate, itupwe, ni ugonjwa uleule, malipo tu ndiyo tofauti.

Naona mzee ameinua mkono... Anauliza, na kama binti ndiye anakuja mwenyewe? Mzee wangu, kwa heshima yote, mwambie arudi kesho ofisini na mwenzake. Kama ni mapendo ya kweli, mpatie direkta mwingine, msimamizi wa TFC, akamate diploma yake, kisha wewe uende kwa wazazi wake na ng'ombe.