Bolti Kulia, Dirisha Kushoto: Kuchagua Pande za Bunduki ya Benchiresti

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo fundi atakuuliza siku utakapoagiza bunduki yako ya kwanza ya benchiresti, mchezo wa kupiga shabaha kutoka mezani: bolti, kile chuma cha kufungulia na kufungia nyuma ya mtutu, mkono wake uwe upande gani, na dirisha la kupakia risasi liwe upande gani? Wengi hujibu hapohapo, "Mimi natumia mkono wa kulia, weka vyote kulia." Jibu hilo linafaa kwa bunduki ya kuwindia. Mezani mambo hubadilika, na ningependa muone kwa nini kabla hamjatoa pesa.

Kwa wageni wa mchezo huu, nianze na sura yake. Bunduki imelazwa juu ya meza nzito, mbele imekaa kwenye egemeo lenye mfuko wa mchanga, nyuma kitako kimekaa kwenye mfuko mwingine. Hapa Marekani, chama cha wapigaji wa mchezo huu kiitwacho NBRSA kilianzishwa mwaka 1951, na kingine, IBS, kikafuata mwaka 1970. Unapiga risasi tano kwenye karatasi, kwa kawaida yadi 100 au 200, halafu tunapima umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Hatuhesabu alama za katikati. Tunataka matundu matano yawe kama moja. Muda wa raundi ya mashindano ni dakika saba, na chini ya shabaha ya mashindano ipo shabaha ya majaribio ambayo unaweza kuipiga mara nyingi utakavyo ili kuusoma upepo.

Upepo ndio mama wa maneno yote nitakayosema leo. Risasi ya milimita 6 yenye uzito wa gramu nne na kitu huenda karibu mita 1,000 kwa sekunde, na bado upepo mdogo, ule usioutikisa hata ukosi wa shati, unaisogeza vya kutosha kuharibu kundi lako. Kwa hiyo mpigaji hutazama vibendera vilivyopangwa uwanjani, hungoja hali anayoitaka, kisha baadhi yetu hupiga zote tano mfululizo ndani ya nusu dakika kabla hali haijageuka. Katika nusu dakika hiyo, mikono yako inafanya nini? Swali la pande linaanzia hapo.

Tazameni bunduki ya kawaida ya bolti, Remington 700 kwa mfano. Mwindaji anaibeba begani. Mkono wa kushoto umeshika mbele, hauwezi kuondoka, la sivyo mtutu utaanguka. Basi mkono wa kulia umebebeshwa kazi zote: kufungua bolti, kutoa ganda, kurudisha bolti, kuvuta triga. Risasi inayofuata inapanda yenyewe kutoka kwenye magazini. Dirisha liko kulia kwa sababu ganda linatakiwa liruke mbali na uso. Kila kitu hapo kina sababu yake. Ila mezani, egemeo limechukua kazi ya mkono wa kushoto. Magazini haipo, unapakia risasi moja moja kwa vidole. Mkono wa kushoto umekaa bure, na ule wa kulia bado unafanya kazi ya watu wawili.

Waliotutangulia walianza na hizohizo bunduki za kiwandani. Mike Walker, mhandisi wa Remington ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa mchezo huu, ndiye aliyebuni risasi ya .222 Remington iliyotoka mwaka 1950 na kutawala meza zetu kwa miaka mingi. Baadaye, katikati ya miaka ya 1970, Louis Palmisano na Ferris Pindell walileta risasi ya 6 PPC, nayo bado inatawala masafa mafupi. Mafundi wadogo walipoanza kutengeneza risiva, yaani mwili wa bunduki unaobeba bolti na mtutu, za mchezo huu peke yake, kama Stolle Panda na zile za BAT, ndipo mpigaji alipopata uhuru wa kuchagua pande.

Sasa mpangilio wenyewe. Nazungumzia anayetumia kulia. Wa kushoto ageuze kila ninachosema.

Bolti kulia, dirisha kushoto. Huu ndio ninaoutetea kwa wengi wenu. Kibao cha risasi kinakaa kushoto, sentimita chache tu kutoka dirishani. Mkono wa kulia unavuta bolti nyuma na haukiachi kirungu chake; mkono wa kushoto tayari una risasi vidoleni, unaiweka, wa kulia unasukuma. Mikono miwili, njia mbili, haipishani. Tena mpigaji wa kulia huegemeza kichwa upande wa kushoto wa kitako, kwa hiyo dirisha liko mbele ya macho yake: anaiona risasi ikiingia, anaona kama chemba, mahali risasi inapokaa, ni tupu. Mwendo mzima ukizoeleka, jicho linarudi kwenye darubini mapema na upepo ni uleule ulioukubali.

Kasoro yake ipo. Mkono wa kushoto ukienda kuchukua risasi, umeliacha egemeo. Kama egemeo lako ni la skrubu, moja ya juu na chini, nyingine ya kulia na kushoto, hasara si kubwa, maana bunduki iliyopangwa vizuri hurudi karibu palepale. Lakini wapo wanaotumia egemeo lenye fimbo moja ya kuelekezea, inayosogeza bunduki pande zote kwa mkono mmoja. Mtu huyo hataki mkono wa kushoto uachie fimbo hata kidogo. Kwake yeye, bolti kulia na dirisha kulia ni chaguo halali kabisa. Mkono wa kulia unapakia, wa kushoto unalenga. Anapoteza kasi kidogo, na dirisha limejificha nyuma ya risiva hivyo anapakia kwa kupapasa, lakini bunduki haimtoki.

Mpangilio wa tatu ni bolti kushoto na dirisha kulia kwa mtu wa mkono wa kulia. Wako wanaoupenda: wa kushoto unafanya kazi ya bolti, wa kulia unaweka risasi kisha unashuka moja kwa moja kwenye triga. Naukubali kwa nadharia. Kwa mtu aliyezoea bolti ya kulia tangu utotoni naona ni kujitafutia taabu. Waliojifunza kuendesha gari Dar es Salaam wakaja kuendesha huku wanajua: gia ilihama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, na ingawa kichwa kilielewa siku ya kwanza, mkono ulichukua muda wake.

Nisimame kidogo kwenye jambo ambalo watu hulisahau, nalo ni kuinua bolti. Bunduki nyingi za aina hii hukoki zinapofunguliwa: ukiinua mkono wa bolti, unaibana springi ya pini inayolipua risasi. Kunahitaji nguvu. Mkono wa bolti uko pembeni mwa bunduki, kwa hiyo ukiuinua wa kulia bunduki inataka kulalia kushoto. Ukiufunga, inalalia kulia. Ndiyo maana ubao wa mbele, ile sehemu inayolala kwenye egemeo, umetengenezwa bapa na mpana, kanuni zikiruhusu hadi inchi 3 katika madaraja ya kawaida. Upande wowote utakaouchagua, msokoto huu upo. Dawa yake iko vidoleni: kidole gumba kikandamize ubao nyuma ya risiva, vile vingine viinue mkono wa bolti. Nguvu mbili zinajibizana na bunduki inatulia mifukoni. Jaribuni bila risasi, mkitazama darubini. Mstari ukiruka kutoka kwenye shabaha, bado hamjaweza.

Kuhusu madirisha mawili, moja la kupakilia kushoto na jingine la kutolea ganda kulia: ni raha kutumia, na Savage waliwahi kuuza bunduki za namna hiyo kwa bei ya mtu wa kawaida. Ila kila dirisha ni chuma kilichokatwa, na tunapenda risiva iwe ngumu isiyopinda, ndiyo maana hata chini hatukati nafasi ya magazini. Fundi mzuri hufidia kwa kuongeza unene, na unene ni uzito. Katika Light Varmint, daraja mojawapo la mashindano, bunduki nzima pamoja na darubini isizidi paundi 10.5, yaani kilo 4.76 hivi, kwa hiyo kila gramu ina mwenyewe. Wengine hukwepa suala hili kwa risiva ambayo ganda hudondoka kupitia tundu la chini. Wengine huiondoa kabisa ejekta, kifaa kinachorusha ganda nje, na kulitoa ganda kwa vidole, kwa sababu ganda hilohilo watalijaza tena baruti palepale uwanjani na hawataki mdomo wake ugonge saruji. Ukibaki na ejekta, tandika taulo upande ganda linakorukia.

Na miwani, ndugu zangu. Dirisha la kushoto linautazama uso wa mpigaji wa kulia. Fataki ya kuwashia baruti, iliyo kitakoni mwa ganda, ikitoboka, gesi ya moto hutafuta njia ya kutokea nyuma. Sitamkubali mtu yeyote mezani kwangu bila miwani ya kinga, hata akiwa na bunduki ya gharama kiasi gani.

Mkishaamua, msikimbilie kuagiza. Azimeni bunduki ya mwenzenu kwa idhini yake, bolti ikiwa imekaguliwa na chemba ni tupu, mkae nayo mezani mrudie mwendo wa risasi tano kwa maganda matupu. Angalieni mkono upi unangoja mwingine, na kichwa kinainuka mara ngapi. Kisha andikeni kwenye oda pande tatu, si mbili: upande wa bolti, upande wa kupakia, na upande wa kutolea ganda. Nakala ya oda hiyo mpeni pia anayechonga ubao, kwa sababu ubao hukatwa kufuata dirisha na mkono wa bolti, na ubao uliokatwa kwa upande mwingine hautakaa kwenye risiva yenu.