Niko fildi kampuni ya betri, na kazi yangu ni Bunge

Mambo vipi watu wangu! Mama kama unaangalia, shikamoo. Leo nataka tumalizane na lile swali linalonifuata kila video: "Wewe si ulisomea siasa, kampuni ya betri imekuchukua ya nini?" Na nyie wa Morogoro wenzangu mnaoandika kuhusu kitengo nilichowekwa, cha kushawishi Bunge, "hicho si kitengo cha rushwa tu," nimewaona, nakuja kwenu.

Kwanza mzijue betri zenyewe. Ni makontena meupe, yamepangwa uwanjani kama bandarini, ndani yamejaa betri toka chini mpaka juu. Hapa California mchana jua linatoa umeme mpaka unakosa mnunuzi. Kuna saa bei sokoni inashuka chini ya sifuri, yaani mzalishaji analipa ili umeme wake upokelewe! Jua likizama ndio watu wanarudi nyumbani, viyoyozi vinawashwa, magari yanachomekwa. Betri inanunua mchana, inauza jioni, nyingi zikijaa zinatoa umeme kwa muda wa kama saa nne mfululizo. Agosti 2020 joto lilizidi, na huku huku Marekani tunakokusifia wakapata mgao wa umeme, tarehe 14 na 15. Baada ya hapo wamejenga hawajapumzika, na mwaka 2025 jimbo lilivuka megawati 15,000 za betri. Bwawa letu la Nyerere ni megawati 2,115. Wahandisi msinivae, najua bwawa linazalisha na betri inatunza tu. Nataka mpate picha ya ukubwa.

Sasa Bunge linaingiaje hapo? Biashara hii inaishi kwa sheria. Kabla ya 2022, betri iliyosimama peke yake bila sola haikupata ile nafuu ya kodi ya serikali kuu. Sheria aliyosaini Biden Agosti mwaka huo ikaipa asilimia 30. Tarehe 4 Julai 2025 Trump akasaini sheria nyingine, sola na upepo zikakatiwa nafuu hiyo mapema, betri zikaachiwa, ila kwa masharti: mradi utakaoanza kujengwa kuanzia 2026 lazima uoneshe kwamba vifaa vyake havitegemei mno China. Hapo kila mtu ofisini akaanza kuuliza grafiti, madini yanayowekwa ndani ya betri, inatoka wapi. Nikachomekea, "Kwetu Mahenge ipo." Mzee mmoja akaniomba nimtajie herufi moja moja, akaandika kwenye daftari. Wana Ulanga, mnadai soda.

Kazi yangu ya kila siku haina mbwembwe. Asubuhi nafungua tovuti ya Bunge la jimbo, natafuta miswada inayogusa betri. Muswada ukirekebishwa, maneno yaliyotolewa yanakatwa kwa mstari mwekundu, mapya yanawekwa kwa buluu, yamelala. Nasoma hiyo buluu neno kwa neno, halafu namwandikia bosi nusu ukurasa: kinabadilika nini, nani anautaka, sisi tunaumia wapi. Ukurasa mzima haupokei. Alishanirudishia karatasi akasema mbunge atalisoma hilo akiwa kwenye lifti, basi liwe la urefu wa lifti.

Halafu kuna siku za kamati. Hizi nazipenda jamani. Mashahidi wakuu wanakaa mezani, dakika mbili mbili. Wakimaliza, mwenyekiti anaita wengine wenye msimamo, na hapo foleni inatoka mpaka mlangoni: chama cha wafanyakazi, watu wa mazingira, kampuni za umeme, bibi kaja mwenyewe kutoka kijijini kwake. Unafika kwenye maiki unasema jina lako, unakotoka, unaunga mkono au unapinga. Basi. Ukiongeza sentensi ya pili mwenyekiti anakukata, hata uwe umevaa suti ya bei gani. Siku niliyotumwa mimi, lafudhi yangu ya Kihonda ilisikika ukumbi mzima, na karani akaniomba nirudie jina. Nikarudia taratibu, sikulifupisha.

Haya, rushwa. Huku mshawishi wa kulipwa anasajiliwa, na kila robo mwaka inatangazwa kampuni yake imetumia kiasi gani na kwenye muswada upi. Zawadi anayoweza kumpa mbunge haizidi dola 10 kwa mwezi. Sheria hiyo ni ya 1974, na Jerry Brown, aliyekuja kuwa gavana wa California, aliipigia debe kwa kusema inatosha hambaga mbili na koka. Ila msinielewe kwamba huku ni malaika watupu. Pesa kubwa inapita kwenye michango ya kampeni, ambayo ni halali na imeandikwa, na mtu aliyechangia simu yake inapokelewa haraka. Mimi naona hilo ni tatizo, na ofisini wanajua naona hivyo.

Lakini kinachotusumbua kuliko Bunge ni madiwani wa kaunti, wanaopitisha au kukataa miradi. Tarehe 16 Januari 2025 kituo cha betri cha Moss Landing, pwani ya Monterey hapa California, kiliwaka moto. Betri zilikuwa zimepangwa ndani ya jengo la zamani la mitambo, moto ukahama kutoka rundo hadi rundo, zaidi ya watu elfu moja wakaambiwa wahame. Siku hizi makontena yanakaa nje, yameachiana nafasi, na betri nyingi mpya ni za chuma na fosfeti, ambazo haziwaki kirahisi vile. Hazina kobalti, watu wa Kolwezi kule Kongo mnaoichimba mtanisamehe.

Nenda basi kamweleze hayo mama anayeishi karibu na eneo la mradi. Nimekaa vikao vya kaunti mpaka usiku. Mtu anasimama na picha ya ule moshi kwenye simu yake, na wewe una jedwali la viwango vya usalama. Nani atashinda? Kampuni zinazoingia na jedwali kwanza zinapoteza mradi. Bosi wangu anaanza na mkuu wa zimamoto wa pale, wiki nyingi kabla ya kikao, anamuuliza magari yatapita wapi na maji yapo kiasi gani. Seneta John Laird, wa pwani hiyo hiyo, alipeleka muswada SB 283 unaolazimisha mashauriano ya namna hiyo na zimamoto kabla ya maombi ya kibali, na ukaguzi kabla ya kuwasha. Gavana aliusaini Oktoba 2025. Kuna wenzetu kwenye sekta walinung'unika gharama. Mimi ningeusaini mchana kweupe.

Wadogo zangu mnaouliza mnaingiaje: kama una viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, usianze kazi kabla chuo hakijakuandikia idhini kwenye I-20 yako, ile fomu unayopewa na chuo, hata kampuni ikubembeleze vipi. Kuhusu usaili, mimi sikuulizwa chochote cha umeme. Nilipewa muswada wa kurasa kumi na kitu nikaambiwa nieleze kwa dakika mbili. Fanyeni mazoezi na miswada ya Dodoma, ipo mtandaoni bure.

Kesho jioni kuna kaunti inajadili kusimamisha miradi ya betri, nami nipo kwenye msafara, kwa hiyo laivu ya kesho haipo. Tukutane Jumamosi saa nne usiku ya huko nyumbani. Maswali ya viza yawekeni chini, ya mshahara msiulize, mama anaangalia.