Mtoto, Mshumaa na Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi

Asanteni. Nawaomba vijana walio karibu na mlango wauache wazi, hata kama baridi ya Julai inaingia. Tumejaa humu ndani, na siwezi kuzungumzia hewa huku tumejifungia.

Wengi wenu mmenisikia nikisema juu ya jiko la makaa. Leo sitalirudia. Mnajua kaboni monoksidi haina harufu, mnajua anayelala na jiko ndani huenda asiamke. Na nikitaja mshumaa, najua mnafikiria moto: umeanguka, godoro limeshika, ploti nzima ya mabati imekwenda. Hayo nayo yamesemwa, na wazima moto wanayasema vizuri kuniliko. Mimi nataka tuzungumze juu ya mshumaa ambao haukuanguka. Ule uliowaka vizuri juu ya kifuniko cha mkebe tangu saa moja jioni mpaka saa nne, ukazimwa, watu wakalala, na hakuna aliyelalamika. Huo ndio ninaoushtaki.

Hebu nipeni kijiko hicho. Kiko safi, mnakiona. Huu ni mshumaa wa dukani, mweupe, wa kawaida kabisa. Nauwasha. Naingiza mgongo wa kijiko katikati ya mwali, pale palipo njano. Sasa tazameni. Haya, kipokezaneni, kipite mpaka nyuma kule, na ukikigusa kitakupaka. Masizi hayo sikuyaleta mimi. Yalikuwa ndani ya mwali tangu nilipowasha. Mwali wa mshumaa ni wa njano kwa sababu umejaa chembe za kaboni zinazong'aa kwa joto. Kwa hiyo mwanga mnaosomea, mwanga wenyewe, ni masizi yenye moto. Mwali ukitulia na ukapata hewa ya kutosha, mengi yanaungua na kwisha kabla hayajafika kwenye ncha. Ukitikisika, yanatoroka yakiwa mazima. Yanaenda wapi? Angalieni dari ya nyumba iliyozoea mishumaa. Na kilichofika darini ni kile ambacho hakikupita puani kwa mtu.

Kuna anayesema, "Mwalimu, mshumaa wangu hautoi moshi." Moshi unaouona ni sehemu tu ya kinachotoka. Mwali uliotulia kabisa nao unatoa gesi ya nitrojeni dioksidi, na unatoa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, chini ya mikromita 0.1. Hizo hazikohozwi zikatoka. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na baadhi zinaingia kwenye damu. Halafu kuna ule wakati wa kuzima. Ukipuliza mshumaa, utambi unabaki na kaa jekundu, unapanda moshi mweupe wenye harufu ambayo sote tunaijua. Moshi huo ni nta iliyogeuka mvuke bila kuungua, ikapoa na kuwa matone hewani. Kwa dakika ile moja, mshumaa uliozimwa unachafua hewa kuliko uliokuwa ukiwaka kwa utulivu.

Na nta yenyewe ni nini? Kwa mishumaa mingi ya madukani ni parafini, na parafini inatoka kwenye mafuta ghafi yale yale yanayotupa mafuta ya taa. Nalisema hili kwa sababu kila mahali naambiwa, "Sisi tuliacha koroboi zamani, sasa tunatumia mshumaa." Vizuri sana, na sirudi nyuma hata hatua moja juu ya koroboi. Vipimo vilivyofanywa vimeonyesha taa ile ya kopo na utambi inageuza kati ya asilimia 7 na 9 ya mafuta yake kuwa masizi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri waziwazi watu waache kutumia mafuta ya taa nyumbani. Aliyehama koroboi amepiga hatua. Lakini amehamia kwa ndugu yake mdogo, hajaihama familia.

Sasa tupige hesabu. Nimeipiga mara nyingi na nitaendelea kuipiga mpaka kila mhudumu wa afya ya jamii aijue kwa kichwa. Chumba cha futi 10 kwa 10, dari futi 8. Wangapi hapa wanaishi humo au wamewahi kuishi humo? Nusu ya ukumbi. Chumba hicho kina hewa mita za ujazo kama 22 na nusu, tukihesabu kama hakina kitanda wala kabati. Shirika la Afya Duniani linasema mtu asipumue zaidi ya mikrogramu 15 za chembe laini kwa kila mita ya ujazo, kwa wastani wa saa 24. Chembe laini ni zile zisizozidi mikromita 2.5, unywele wa kichwa chako una unene wa karibu mara 30 ya hizo. Mwaka 2005 kiwango kilikuwa 25. Mwaka 2021 kikashushwa hadi 15, kwa sababu ushahidi ulionyesha watu wanaumia hata kwenye viwango vilivyodhaniwa ni salama.

Zidisha 15 kwa 22 na nusu. Unapata mikrogramu kama 340, yaani theluthi moja ya miligramu. Theluthi ya miligramu huwezi kuiona kwenye kiganja chako. Ikielea ndani ya chumba hicho kilichofungwa, hewa yote ya chumba imefika kwenye kiwango. Sasa mshumaa. Mshumaa wa kawaida unakula nta gramu 5 hadi 7 kwa saa. Tuseme 6, ambazo ni miligramu 6,000. Gawa kwa theluthi ya miligramu. Maana yake ni kwamba katika kila sehemu 18,000 hivi za nta zinazoungua kwa saa moja, ikitoroka sehemu moja tu, ile saa imekifikisha chumba kwenye kiwango. Hata mshumaa uungue vizuri namna gani, moja katika 18,000 ni rahisi kutoroka!

Ndugu mmoja aliyesomea mambo haya aliwahi kunisimamisha hapo akasema, kiwango hicho ni cha wastani wa siku nzima, wewe unahesabu saa moja. Ni kweli, na nimekitaja hivyo hivyo. Lakini siku nzima ya nani? Mama wa chumba hicho amepika kwa makaa jioni. Hewa ya nje iliyoingia mchana ilipita kwanza kwenye barabara yenye matatu na malori. Mshumaa haukukuta hewa safi, ulikuta kikombe kimejaa nusu. Na baada ya mshumaa kuzimwa, dirisha linabaki limefungwa mpaka saa kumi na moja alfajiri. Moshi haujui kwamba stima imerudi. Unabaki humo na watu waliolala.

Nikifika hapa kuna anayejibu kwamba Nairobi nje pia kuna moshi, kwa hiyo kuna haja gani? Jibu hilo linanichosha. Moshi wa barabarani unahitaji serikali, sheria na miaka. Mshumaa uko mezani kwako, na leo usiku unaweza kuusogeza.

Kwa nini nasema kusogeza? Kwa sababu ya mtoto. Niruhusuni nikae hapa kidogo, hata mwenyekiti akinionyesha saa.

Stima imekatika, au tokeni zimeisha tarehe 24 na mshahara bado. Mtoto wa gredi ya 6 ana kazi ya shule. Mshumaa mmoja hautoi mwanga wa kutosha chumba kizima, kwa hiyo anafanya nini? Anauvuta karibu. Mpime: kutoka puani mpaka kwenye mwali ni rula moja ya shule, sentimita 30, mara nyingine pungufu. Ile hesabu yangu ya chumba ilidhani moshi umesambaa sawasawa kila pembe. Kwa mtoto huyu haujasambaa bado, anaupata ukiwa wa moto. Na yeye mwenyewe ndiye anayeutikisa mwali, kwa pumzi yake, kwa kugeuza kurasa, kwa kusoma kwa sauti. Kila mwali unapoyumba, masizi yanatoka, na uso wake uko pale pale. Mtoto anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wa mwili wake, na mapafu yake bado yanajengwa.

Akimaliza kazi, tunamwambia, "Zima mshumaa ukalale." Anainama, anapuliza. Fikirieni kinachofuata. Aliyepuliza ametoa pumzi yote, kwa hiyo pumzi inayofuata ni ya kuvuta, na ni ndefu. Anaivuta akiwa ameinamia ule moshi mweupe. Kila usiku wa giza tunampa mtoto kazi hiyo, na kama ana pumu, saa saba za usiku tunaamshwa na kikohozi tukasema ni baridi.

Msiniambie nyanya zetu waliishi na koroboi na hawakufa. Nyumba ya nyanya ilikuwa na paa la nyasi linalopitisha moshi na nafasi kati ya ukuta na paa. Si chumba kilichozibwa kila upande ghorofa ya tano. Na watoto wangapi wa wakati ule walichukuliwa na kifua, tukaambiwa tu kwamba kilikuwa kifua?

Wengine mnadhani haya ni maneno ya kuwatisha maskini. Twendeni Denmark, ambako mishumaa inawashwa kwa kupendeza nyumba wakati wa baridi, na stima ipo. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa nyumba 56 za kule. Nusu ya nyumba hizo ziliwasha mishumaa katika siku za vipimo, na humo karibu asilimia 60 ya zile chembe ndogo kabisa walizozipata wenye nyumba zilitoka kwenye mishumaa. Si jikoni wala barabarani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus nao waliwaweka vijana wenye pumu isiyo kali kwenye chumba chenye hewa ya mishumaa, na matokeo waliyochapisha mwaka 2023 yalionyesha mwasho na dalili za uvimbe kwenye njia za hewa. Hao ni vijana, na pumu yao si kali. Kwa hiyo dada zangu mnaonunua mishumaa ya harufu pale mjini, maneno haya ni yenu pia. Nta ya nyuki au ya soya haiondoi tatizo, maana kinachotoa masizi ni mwali. Manukato yanaongeza kemikali nyingine juu yake.

Nilitaka kusema juu ya udi na uvumba, nimeona akina mama wa Eastleigh wamefika, lakini muda hauniruhusu. Niseme tu kwamba makaa yaliyo chini ya udi ni makaa. Na koili za mbu: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima koili moja ikatoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Tumieni neti.

Tufanye nini? La kwanza, mtoto asisome kwa moto. Balbu ya kuchaji, ile inayoendelea kuwaka stima ikipotea, au taa ndogo ya sola. Najua pesa hazipo, lakini hesabuni mishumaa ya miezi mitatu mseme ni shilingi ngapi. Kama nyumba ina taa moja tu ya namna hiyo, iwe ya mtoto, mshumaa ubaki kwetu sisi wakubwa. Ikilazimu mshumaa, utambi ukatwe ubaki nusu sentimita, kwa maana mrefu unatoa masizi zaidi. Usiwekwe kwenye upepo wa mlango. Na usipulizwe. Ufunike kwa kikombe cha bati mpaka ufe, au uzamishe utambi kwenye nta iliyoyeyuka kwa kijiti kisha uuinue. Mtu mzima afanye hivyo, si mtoto.

Na matundu ya hewa, yale yaliyo juu ya dirisha. Nikiingia vyumba kumi, katika saba yamezibwa kwa gazeti au nailoni, kwa sababu ya baridi, mbu na kelele za jirani. Nawaelewa. Lakini moshi wa moto unapanda, na tundu lile la juu ndilo mlango wake. Toeni gazeti, gongeleeni wavu wa mbu. Wenye ploti mliokuja, wawili nimewaona: mkijenga ukuta ukakaribia kugusa ukuta wa jirani, mpangaji afungue tundu apate nini? Sheria zinataka chumba cha kulala watu kipate hewa, na mkaguzi asipokuja, mpangaji wako bado anapumua.

Wahudumu wa afya ya jamii, kwa ziara zenu za wiki hii naomba jambo moja mbali na fomu zenu. Ukiingia, inua macho uangalie tundu. Limezibwa au liko wazi? Kisha uliza stima ikipotea mtoto anasoma kwa mwanga gani. Niandikieni majibu, nitayapeleka kwa chifu mwenyewe.

Naona mikono. Tuanze na mama wa kitambaa cha kijani, ameinua tangu niliposema koili.