Nani Alipie Utafiti wa Dawa?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naomba tuanze na dawa iitwayo melarsoprol. Ilianza kutumika mwaka 1949 kutibu malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, yaliyokwisha kuingia kwenye ubongo, na ndani yake mna aseniki, ambayo ni sumu. Ikidungwa mshipani, mgonjwa huhisi mkono mzima unawaka moto. Katika kila wagonjwa 20 hivi, mmoja aliuawa na dawa yenyewe. Waganga walilijua hilo, wakaendelea kuidunga miaka nenda miaka rudi, kwa sababu asiyetibiwa malale hufa.

Sayansi ilikwama? Hata kidogo. Molekuli ya fexinidazole, dawa nyingine ya malale, ilikuwa imekwisha kugunduliwa na kampuni ya Hoechst ya Ujerumani, kisha miaka ya 1980 ikawekwa kando. Wanaoumwa na mbung'o ni wakulima, wawindaji na wavuvi wa vijijini, watu wasio na uwezo wa kumrudishia mwekezaji fedha zake. Aliyeifufua ni DNDi, taasisi isiyotafuta faida iliyoundwa mwaka 2003, kwa fedha za serikali mbalimbali na wahisani, ikishirikiana na kampuni ya Sanofi. Majaribio yalifanyika zaidi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Novemba 2018 wataalamu wa mamlaka ya dawa ya Ulaya wakaipitisha. Leo wagonjwa wengi wanameza vidonge kwa siku 10, baada ya kula. Sindano hakuna, na hawalipi kitu.

Naomba tuitazame njia iliyopita fedha hapo. Sehemu kubwa ya gharama ya utafiti ililipwa na watoaji wengi, tena mapema, kabla kidonge hakijamfikia mgonjwa. Kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumdai mgonjwa gharama hizo.

Njia tuliyoizoea ni nyingine. Mkataba wa TRIPS, yaani mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za uvumbuzi, uliotumika kuanzia 1995, unampa mvumbuzi hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake, ya miaka isiyopungua 20, na humo hupanga bei akiwa peke yake sokoni. Ndiyo maana sofosbuvir, dawa ya homa ya ini aina C, ilipoingia soko la Marekani mwaka 2013 iliuzwa dola 1,000 kwa kidonge, dola 84,000 kwa tiba ya wiki 12. Na ni dawa inayoponya kabisa! Mtu anaambiwa ugonjwa wako una tiba, kisha anatajiwa bei.

Kampuni zinasema bila hataza hakuna atakayethubutu kuwekeza. Hoja hiyo siipuuzi. Molekuli nyingi hufia njiani, na aliyebeba hasara hizo anastahili malipo. Ninachokataa ni kwamba malipo hayo lazima yatoke kwenye bei. Chukueni antibayotiki mpya: tunataka ivumbuliwe, halafu tunataka itumike kwa nadra, ili vijidudu visijenge usugu. Nani atafanya biashara ya kitu ambacho kila daktari anahimizwa asikiandike ovyo? Mwaka 2022 Uingereza ilianza kuzilipa kampuni ada ya kila mwaka kwa antibayotiki mbili, hospitali zitumie nyingi au chache. Kampuni inapata chake, na haina haja ya kusukuma mauzo. Mimi naona mpango huo unafaa kwa magonjwa mengi zaidi.

Lakini fedha za umma zisitoke mikono mitupu. Kodi zetu hugharamia utafiti wa mwanzo vyuoni na kwenye maabara za serikali, kisha tunauziwa matunda yake kama wageni. Masharti yaandikwe kwenye mkataba kabla hata senti haijatoka: matokeo ya majaribio yatangazwe yote, mazuri na mabaya; watengenezaji wengine wapewe leseni ya kuhudumia nchi maskini, kama Medicines Patent Pool, taasisi inayojadiliana na wenye hataza ili wengine wapewe leseni, ilivyofanya tangu 2010 kwa dawa za virusi vya ukimwi; na kampuni ikiamua kuiacha molekuli, iikabidhi kwa aliye tayari kuiendeleza, pamoja na kumbukumbu zake zote za maabara.